Akorfa, Mwonja Udongo wa Anfoega

Hapa Anfoega udongo haukuwa ayilo, ule udongo wa kutafunwa, mpaka Akorfa auonje. Wanaume wangeweza kuchimba hadi watokezee upande wa pili wa dunia, vijana wakatwanga, wasichana wakachekecha na kukanda na kufinyanga yale mayai meupe, yakapangwa juani utadhani kuku wa kijiji kizima wametaga asubuhi moja. Yote hayo yalikuwa maandalizi tu. Mwisho aliitwa yeye. Alikuja akijifuta mikono kwenye kitenge, akamega kipande, akakitia kinywani na kufumba macho. Akikuta chembe ya mchanga alisema, "Huu kajengeeni choo." Akikuta udongo laini, wenye ile harufu ya mvua ya kwanza ikilipiga vumbi, hakusema neno. Alimega kipande cha pili. Kipande cha pili ndicho kilikuwa muhuri.

Wachuuzi waliokuja kutoka Akra na Lome, kununua magunia ya wajawazito wa mjini na ya wengine wengi wanaowasingizia wajawazito, walikuwa na swali moja: "Akorfa ameonja?" Kama hajaonja, walikaa kwenye kivuli wakangoja.

Na alionja kweli. Alionja udongo mbichi, alionja uliokauka, alionja uliotoka tanuruni na moshi wake. Baada ya kula alitafuna kidogo kusuuza kinywa, na kabla ya kulala kidogo tena kumbembeleza usingizi. Wakati wa chakula ulipofika tumbo lake lilikuwa limeshajaa nusu, akadonoa matonge mawili ya akple, ugali wa kwao, na kusukuma sahani. Lakini ungemuuliza kama anakula udongo angekuapia kwa kaburi la mama yake kwamba hali. Wanaokula udongo ni wenye mimba. Yeye alikuwa kazini.

Mambo yalianzia kwenye nyayo. Alihisi kama amevaa soksi, na maishani mwake Akorfa hakuwahi kumiliki soksi. Jioni nyayo ziliwaka kama amekanyaga pilipili, asubuhi zikanyamaza kabisa. Jumapili moja alifika kanisani na kandambili moja. Ya pili ilimtoka njiani, na mguu haukumpa taarifa.

"Wifi," alisema Yayra, dada wa mumewe, msimamizi wa tanuru, mwenye mdomo uliokuwa na moto kuliko tanuru lenyewe, "mguu wako umeokoka kabla yako. Umeshaacha mali za dunia."

"Cheka tu. Mguu wangu ukifika mbinguni utakusemea."

Yakafuata macho. Jua likizama, wenzake walikuwa bado wanaona hata rangi ya shati la mtu, yeye anaona majivu. Jioni moja alimsalimia Mzee Gbeku wa kanisani, akamuulizia mke, watoto na mguu wake wenye baridi yabisi, kisha akatulia kungoja majibu. Kilikuwa kinu.

"Na kinu kimekusikiliza kwa adabu," Yayra alisema akijishika mbavu. "Gbeku mwenyewe angekuwa ameshaomba mchango."

Akorfa alinunua miwani kwa mchuuzi wa sokoni Kpando. Ilikuza kila kitu, giza likiwemo. Akaitupa.

Kisha ikaja siku ya tanuru. Walikuwa wanatoa mayai ya udongo yaliyoiva, Akorfa akisimulia kisa cha harusi fulani, mkono mmoja ukieleza na mwingine umeegemea bati. Yayra akanusa hewa.

"Wifi, nini kinaungua?"

"Si kuni zako mbichi hizo."

"Kuni haziungui na harufu ya nyama."

Walitazama wote wawili. Kiganja cha Akorfa kilikuwa juu ya bati la moto, kimetulia kama mgeni kwenye mkeka. Alipokiinua, ngozi ilibaki. Hakulia kwa maumivu, kwa sababu maumivu hayakuwepo. Alilia kwa kuwa hayakuwepo. Yayra alimvuta mkono, akautumbukiza kwenye ndoo ya maji.

Kosi, mumewe, mchimbaji mwenye maneno machache, alimwambia apumzike nyumbani. Akorfa alilala akiutazama upande wa giza ambako dari ilipaswa kuwa. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu. Kufa hakukumtisha sana, kila mtu atakufa, hata Gbeku. Kilichomtisha ni kushikwa mkono kupelekwa chooni.

Asubuhi Yayra alimburuta zahanati.

Muuguzi wa pale aliitwa Etse, kijana mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka mkunjo wake ungeweza kumenya kiazi. Watu walimwita daktari, naye hakuwa na haraka ya kuwasahihisha. Alimwambia Akorfa afumbe macho, akamgusa nyayo kwa pamba. Akorfa akauliza lini ataanza kumgusa. Alimwambia asimame, miguu pamoja, macho yakiwa yamefungwa. Akayumba kama mlevi wa sodabi, Yayra akamdaka.

"Mama Dela, unakula nini?" Etse alimuuliza Akorfa, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Chakula."

"Chakula gani?"

"Akple na mchuzi wa bamia. Jioni akple tena, kama bamia imebaki."

"Samaki?"

"Akijileta."

"Nyama?"

"Krismasi."

"Maharage? Karanga?"

"Yananijaza gesi. Mimi nafanya kazi na watu."

"Kuna kitu kingine chochote unachotia kinywani?"

Akorfa alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Maneno," alijibu.

Etse akawaandikia waende hospitali kubwa mjini Ho. Huko walitoa damu, nyingine ikapelekwa Akra, na baada ya kurudi nyumbani na kwenda tena, walikaa mbele ya daktari wa kike mwenye hereni kubwa na sauti ya taratibu.

"Damu yako haina shaba ya kutosha, mama. Wala zinki. Wala chuma."

"Shaba? Hii ya bangili?"

"Hiyo hiyo, ila kwa kiasi ambacho hata mwizi asingejisumbua nacho. Mwili unahitaji kidogo sana, lakini hicho kidogo kikikosekana pana kazi. Mishipa ya fahamu ni kama nyaya za umeme, kila waya una ganda lake. Shaba ndiyo inausaidia mwili kulitunza lile ganda. Likichubuka, habari za mguuni hazifiki kichwani, au zinafika zimechanganywa. Mguu umetulia, kichwa kinaambiwa unaungua. Mkono unaungua, kichwa kinaambiwa mambo shwari."

"Na macho?"

"Jicho nalo limeunganishwa na kichwa kwa waya wake. Tena zinki ndiyo inalisaidia jicho kutumia vitamini A wakati wa mwanga hafifu. Bila zinki unaweza kuwa na vitamini na bado ukasalimia kinu."

Akorfa alimgeukia Yayra. "Umemwambia!"

"Nilikuwa natoa historia ya mgonjwa," alisema Yayra.

"Sasa hivyo vitu vyangu vimekwenda wapi?" Akorfa aliuliza. "Watu wote wa kwetu wanakula akple."

Daktari alikunja uso. "Hapo ndipo sijaridhika. Ama huli vya kutosha, ama kuna kitu kinavizuia visiingie. Kama unakumbuka chochote, niambie."

Akorfa alitafuta kichwani, chumba hadi chumba. Hakukuta kitu. Akapewa vidonge vya shaba na vya chuma. Vya zinki angevipata baadaye na kwa kipimo, kwa kuwa zinki ikizidi huisukuma shaba nje ya mlango. "Mishipa hurudi taratibu," daktari alimwambia, "na pengine hairudi yote. Lakini umekuja mapema. Nina matumaini."

Akarudi Anfoega ameinua shingo. Ugonjwa wenye jina ni nusu ya kupona, na huu wake ulikuwa na majina matatu.

Lakini mvua zilianza, zikamwagika, zikaisha, na soksi zisizoonekana zikapanda kutoka nyayoni hadi kwenye vifundo. Jioni ikawa inamfikia mapema kuliko watu wengine. Mchana nao rangi zilichujuka, nyekundu ikawa kahawia, kahawia ikawa basi tu. Alitembea na fimbo, na baada ya kazi Yayra alimshika mkono hadi nyumbani, safari nzima wakigombana ili isionekane kama msaada. Vidonge alimeza bila kukosa. Vilikuwa na ladha ya kulamba kitasa cha mlango, kwa hiyo kila alipomeza alifuatisha kipande kikubwa cha ayilo, kinywa kirudi katika hali ya kibinadamu.

"Dawa yenyewe feki," alimwambia Yayra. "Kopo hili likiisha, sirudi Ho."

"Utarudi hata kama ni kwa kubebwa mgongoni."

"Mgongo gani? Huo wako wa panzi?"

Hapo ndipo alipotokea mteja mmoja wa uchochoroni. Alikuja alasiri kwa njia ya nyuma, kofia imeshuka hadi nyusi, akasimama karibu na magunia akinong'ona.

"Kuna ayilo iliyookwa vizuri?"

Uso wake Akorfa aliuona kama picha iliyolowa, ila sauti aliijua mara moja. "Daktari Etse!" alipaza, mpaka wachekechaji wakasimamisha chekecheke.

"Mama Dela, taratibu, tafadhali."

"Si wewe uliyesimama na kipaza sauti pale zahanati, ukiwakataza wenye mimba wasitafune udongo?"

"Ni mimi."

"Na huu ni wa nani?"

Etse alishusha kofia zaidi. "Wa mke wangu. Amesema nikirudi mikono mitupu nikalale zahanati."

Yayra alikuwa ameshakaa chini, machozi ya kicheko yakimtoka. "Mhubiri kakutwa na kibuyu cha pombe! Mchagulie mzuri, wifi, asije akalala na wagonjwa."

Akorfa, ambaye hajawahi kumpa mteja udongo wa kubahatisha, alimega yai moja, akaonja. Akatikisa kichwa. Akamega lingine, akaonja, akamega kipande cha pili. Kwa kuwa saa ya dawa ilikuwa imefika, alifungua pindo la kitenge, akatoa vidonge vyake, akavimeza kwa maji ya kata na kusindikiza na nusu nzima ya yai la udongo. Kru, kru, kru.

Etse alivua kofia.

"Mama Dela. Umefanya nini?"

"Nimekuchagulia."

"Hapana, hicho ulichotafuna."

"Nimeonja."

"Na umekimeza?"

"Nikitema mbele ya mteja, wewe utanunua?"

"Kwa siku unaonja mara ngapi?"

"Muulize samaki anakunywa maji mara ngapi," alisema Yayra.

Etse alikaa juu ya gunia, suruali yake ya pasi na yote, na vumbi jeupe likampokea. "Nilikuuliza unakula nini! Nikakuuliza kama kuna kitu kingine!"

"Na nikakujibu. Udongo si chakula, udongo ni kazi. Wewe ukishinda unachoma watu sindano, jioni unasema umekula sindano?"

"Mama, mafuta yakimwagika hapa chini mnayaondoa vipi?"

"Tunanyunyizia udongo," Yayra alijibu. "Unayafyonza."

"Basi tumboni nako unafanya hivyo hivyo. Shaba, zinki, chuma, vyote vinanasa kwenye udongo na kutoka nao. Kile kidogo cha kwenye chakula hakikukaa. Na vidonge vya miezi yote hii vimesafiri kama abiria aliyelala, vikafika mwisho wa safari bila kushuka."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wa kale, na cha Akorfa kilikuwa kinywani, tena akikisifia. Alipandisha kidevu.

"Mama yangu alionja udongo huu mpaka anaingia kaburini. Wewe unajua nini?"

"Sijui," alisema Etse. Hakuwa na ubishi tena. "Macho yake yalikuwaje, huko mwishoni?"

Akorfa aliona tena ua la nyumbani kwao, na yeye mwenyewe, binti, amemshika mama mkono kumpeleka nyuma ya nyumba, mama akipapasa ukuta kwa vidole visivyohisi ukuta. Walisema ni uzee. Mama yake alikuwa hajafika hata sitini.

"Wifi," Yayra aliita polepole, bila utani.

Akorfa alikung'uta unga mweupe mapajani. Kisha akachukua lile furushi alilokuwa ameshamfungia Etse, akalirudisha guniani. "Mpelekee mkeo karanga."

"Nitalala zahanati, mama!"

"Kalale. Mwenzio nimelala gizani."

Kuacha kulikuwa kazi kuliko kazi. Daktari wa Ho, alipoelezwa, alicheka, akaomba radhi kwa kucheka, kisha akasema aonje na kutema kama hana budi. Akorfa alijaribu. Ulimi ulitema, koo likameza. Kumwambia yeye aonje bila kumeza kulikuwa sawa na kumwajiri mbuzi alinde mihogo. Akaacha kabisa. Ilipofika mvua ya kwanza, Anfoega nzima ikanuka ayilo, kuta, njia, hata mbwa. Alijifungia ndani na kapu la karanga za kukaanga, akazitafuna kwa hasira mpaka taya likauma, akamtukana kila aliyebisha hodi.

Chakula nacho kilibadilika. Asiyekula udongo ana njaa, na hili lilimshangaza. Alikula maharage, na watu wa kazini wakavumilia gesi. Alikula maini kila yalipopatikana, mchuzi wa karanga wenye dagaa, na kome wa mtoni ambao Kosi aliwaleta ndani ya kofia yake bila maelezo yoyote, yeye na maneno yake machache.

Lakini nani angeonja? Yayra alijitolea. Alipitisha shehena moja kwa mbwembwe, kipande cha pili akakitafuna hadharani, na baada ya wiki mchuuzi wa Lome alirudi ameshika shavu.

"Nani ameonja hii?"

"Mimi," alisema Yayra.

"Dada, huu si udongo, huu ni barabara. Nimevunja jino!"

Hapo Akorfa akabuni njia nyingine. Bonge la udongo liyeyushwe kwenye kibuyu cha maji, lizungushwe, litulizwe, maji meupe yamwagwe polepole, halafu kidole kipapase chini ya kibuyu. Mchanga haujui kuelea, utakutwa pale. Njia ilikuwa nzuri, na wachuuzi walinung'unika kidogo wakazoea. Tatizo lilikuwa kidole. Vya Akorfa vilikuwa vijiti tu. Kwa hiyo Yayra alitoa kidole, Akorfa akatoa amri, na kutwa nzima ua lilijaa ugomvi wao. "Papasa taratibu, hufuti sufuria!" "Basi njoo na chako!" "Kingekuwa kizima ningekukaribisha hapa?"

Dalili ya kwanza ya heri ilikuja na sura ya balaa. Alfajiri moja Akorfa alipiga ukelele, Kosi akaruka na panga.

"Siafu! Siafu miguuni!"

Kosi alimulika. Hapakuwa na siafu. Palikuwa na miguu miwili tu, na mwenyewe akiikodolea macho, huku ikimchoma, ikimwasha, ikimtekenya hadi kwenye kucha. Alikanyaga sakafu. Ilikuwa baridi.

"Ni baridi," alimwambia mumewe, kama mtu anayetangaza kuzaliwa kwa mapacha. "Kosi, sakafu ni baridi!"

"Siku zote ni baridi," alisema Kosi. Akaweka panga chini, akakaa kando yake, akaikanyaga naye.

Baadaye, akimpokonya Yayra kibuyu kwa hasira tu, alipitisha kidole gumba chini yake na kukutana na kitu. Kidogo, chenye ncha. Akakipapasa tena. Hakumwambia mtu mpaka alipokuta cha pili.

"Rudisheni chekechekeni," alisema. "Una mchanga."

"Nani kasema?" Yayra akauliza.

"Kidole changu kimesema. Chako kilikuwa kimelala."

Macho yalikuja mwisho, bila kelele. Jioni moja kazi ilikuwa imekwisha, jua limeshazama, na Akorfa ameketi kwenye mkeka akimwamuru wifi yake afunike mayai ya udongo kabla umande haujashuka, ayafunike vizuri, si kama jana, jana aliyafunika kama maiti ya adui. Sasa, Yayra alikuwa na siri yake. Tangu wifi yake apoteze jioni, kila alipoamrishwa baada ya jua kuzama alijibu "sawa, wifi" kwa sauti ya malaika, huku akimtolea ulimi, akikunja pua na kupinda macho kama kinyago. Ilimsaidia kuvumilia.

"Sawa, wifi," alisema Yayra, ulimi ukiwa nje hadi kidevuni.

"Urudishe ndani huo, kabla mbu hawajatua."

Yayra aliganda, ulimi bado upo nje. Aliurudisha kwa hatua. "Unauona?"

"Nauona. Na jino lako la pembeni limeoza."

Yayra alikuja karibu, akachuchumaa, akamtazama Akorfa machoni kwa kumkagua, kama anavyokagua moto wa tanuru. Kisha alisimama ghafla na kujifuta uso kwa upindo wa nguo, akilalamika kwamba moshi wa siku hizi ni mbaya. Tanuru lilikuwa halijawashwa siku ile.

Walipomaliza kufunika, Yayra alinyoosha mkono kama ilivyokuwa desturi yao kwenda nyumbani.

"Huo bebea sinia," Akorfa alisema.

Akatangulia. Mguu wa kushoto ulikuwa bado unatua kwa kishindo, vidole vyake viwili havijarudi, na daktari alishasema pengine havitarudi. Giza lilikuwa giza, hakuna aliyemwashia jua. Lakini katikati yake njia ilionekana, nyeupe kwa vumbi la udongo wa miaka yote, ikipinda pale kwenye ua la Gbeku. Akorfa alipinda nayo.

"Wifi, polepole!" Yayra aliita nyuma, sinia likimgongagonga. "Mimi sioni!"

"Kula maharage," alijibu Akorfa bila kugeuka.